Nani Atalilia Mchaichai?

Asumpta Komba hakuomba kuwa mhariri. Kwenye kanisa lake mtu haombi kazi, anaitwa. Umekaa zako baada ya ibada, unamuwaza kuku uliyemwacha kwenye friji, mara kiongozi anakugusa bega: "Dada, naomba dakika tano ofisini." Ukitoka humo ofisini tayari wewe ni mwalimu wa watoto, au mpiga piano, hata kama piano umeanza kuiona ukubwani.

Safari hii aliyemgusa bega alikuwa Rais Nathanaël. Alikuwa rais wa tawi tu, si wa nchi: kiongozi wa waumini kama themanini waliosali kwa Kiswahili kila Jumapili alasiri, Wakanada wakishamaliza ibada yao ya asubuhi na kuwaachia jengo. Siku za kazi alikuwa fundi bomba. Alitoka Bukavu, na sauti yake ya chini ilifanya kila analosema lionekane limeshaamuliwa.

"Mwezi wa sita tawi linatimiza miaka kumi," alisema. "Tunataka kitabu."

"Kitabu gani, Rais?"

"Chetu. Watu waandike habari zao, namna walivyofika huku, namna walivyoipata imani. Wewe si ulifundisha Kiswahili sekondari kule Songea?"

"Miaka kumi na moja."

"Bon. Basi Bwana ameshafanya nusu ya kazi."

Asumpta akatoka ofisini akiwa mhariri.

Ukweli ni kwamba moyoni alifurahi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kazi yake ilikuwa kupanga vyakula vya abiria wa ndege kwenye jiko moja kubwa huko Malton, jirani na uwanja wa ndege: kipande cha kuku, kijiko cha wali, karoti tatu, funika, sukuma. Basi la kutoka kwake, mtaa wa Jane na Finch jijini Toronto, hadi kazini lilichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo alikuwa akiandika hadithi kwenye daftari ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu. Watu wa kanisa lake, ambao mtaani huitwa Wamormoni, wanapenda sana kuandika. Wanaandika shajara, historia za koo, barua za wamisionari. Lakini hadithi za kubuni, zenye watu wanaokosea na kuongopa na kutamani, hizo Asumpta alikuwa hajui zikae wapi. Ndiyo maana zilikaa kwenye mkoba, chini ya kitambaa cha kichwa.

Akapewa kamati ya watu wawili. Wa kwanza alikuwa Dada Amandine, mkuu wa akina mama wa tawi, Mkongo kama Rais, mwanamke mnene mchangamfu aliyeweza kulisha watu mia kwa taarifa ya nusu saa. Wa pili alikuwa Kaka Ildefonce, mtu wa Kigoma, dereva wa basi la jiji. Kaka Ildefonce alikuwa hajachelewa ibada hata siku moja kwa miaka tisa, na alitaka jambo hilo lijulikane.

Hadi mwisho wa Machi habari kumi na nne zilikuwa zimefika. Asumpta alizisoma zote siku moja ya mapumziko, na alipomaliza alihisi amesoma moja mara kumi na nne. Nilikuwa gizani. Wamisionari wawili walibisha hodi. Nikasikia amani ambayo siwezi kuieleza. Sasa nina furaha. Hata aliyefika Toronto kutoka kambi ya wakimbizi na aliyefika kwa masomo ya udaktari walikuwa na giza lile lile na amani ile ile, na wote walimalizia kama wanavyomaliza hotuba kanisani, kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Jumamosi akazichukua akaenda nazo mtaa wa Thorncliffe Park, kwa Shaukat.

Shaukat alikuwa na duka la uchapaji chini ya ghorofa moja refu, mahali pa kadi za harusi na kalenda za misikiti. Wazazi wake walikuwa Mashia wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Tanga, hakikuota ukungu hata kidogo. Asumpta alimjua kupitia mama yake, Bi Gulzar, ambaye Asumpta alimhudumia nyumbani kwa miaka mitatu kabla ya kupata kazi ya Malton. Kazi iliisha, mapenzi yakabaki. Kila Jumamosi Asumpta alikuwa akipita kumwona bibi huyo ghorofa ya saba.

Shaukat alivaa miwani, akasoma tatu za kwanza amesimama, akaruka hadi ya tisa, akafungua ya mwisho.

"Mama Asumpta, nikuchapie nakala ngapi za hii?"

"Ya ipi?"

"Hii moja. Mana'ke naona ni moja."

Asumpta akacheka, kisha akaona aibu kucheka. "Ni watu wazuri, Shaukat. Wameandika walivyojua."

"Wazuri, nani kasema wabaya? Hata sisi kwetu ni hivyo hivyo. Mtu akifa tunamchapia kitabu cha maisha yake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho malaika mtupu. Mimi nilimjua marehemu, alikuwa akiniibia maegesho kila siku! Hilo halimo." Akamrudishia karatasi. "Huna yako wewe?"

Swali hilo likapanda naye basi.

Wiki mbili zilizofuata aliandika kila asubuhi, goti likiwa meza. Hadithi yake ilimhusu mwanamke mmoja, muumini mpya wa kanisa kama lao. Katika kanisa hilo kuna amri ya afya inayoitwa Neno la Hekima: pombe hapana, sigara hapana, kahawa hapana, na chai ya majani hapana. Mwanamke huyo ameziacha zote bila shida, isipokuwa chai. Kila Jumamosi anamtembelea bibi mmoja Mwislamu, na bibi anamtilia chai ya tangawizi, iliki na mdalasini. Hanywi. Anakishika kikombe kwa mikono miwili hadi kipoe, kwa sababu harufu ile ni ya jiko la mama yake, na mama yake alikufa mbali, na yeye hakwenda kumzika kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Siku moja ya theluji, bila kupanga, anakunywa. Funda moja. Hadithi inaishia hapo, kikombe kikiwa bado mkononi.

Aliiona ni nzuri. Alijua ni nzuri, kama mpishi anavyojua kabla hajaonja. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko kazini, akaiandika vizuri kwenye simu, akamtumia Rais Nathanaël na ujumbe mfupi: "Rais, hii ni ya kwangu. Naogopa kidogo. Isome wewe peke yako kwanza."

Kisha akavaa glavu, akarudi kwenye karoti tatu tatu.

Saa saba mchana, alipofungua simu, akakuta amepigiwa mara tisa. Akatazama ujumbe wake. Juu yake hapakuwa na jina la Rais Nathanaël. Palikuwa na maneno "Matangazo ya Tawi", na chini yake tiki mbili za bluu, na wasomaji sitini na watatu. Mtu mmoja alikuwa ameweka picha ya kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Mwingine ameweka mikono ya sala. Kaka Ildefonce alikuwa ameandika neno moja: "Hivi?"

Asumpta akaketi juu ya kreti la maji.

Simu ikalia. Alikuwa Kaka Ombeni, Mpare mmoja mpole, mlinzi wa jengo la ofisi katikati ya jiji.

"Dada Asumpta," alinong'ona, "nani amekwambia habari za chupa yangu?"

"Chupa gani, kaka?"

"Chupa ya chai! Ya kazini! Umebadilisha tu, umeniweka mwanamke. Najua ni mimi."

"Kaka Ombeni, nakuapia, sikujua kama una chupa."

"Basi," alisema Ombeni, "sasa umejua."

Hakuwa peke yake. Hadi jioni watu wanne walikuwa wamempigia, na wote wanne waliamini hadithi ni yao. Mama mmoja wa Goma hakuwahi kunywa, ila kazini hushika kikombe kitupu ili wenzake wasimuulize maswali. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu hakuwa na habari ya chai kabisa. Yeye alikosa mazishi ya baba yake Iringa kwa sababu ya karatasi hizo hizo, na alilia kwenye simu hadi Asumpta akapitiliza kituo.

Jambo la ajabu lilikuwa hili: watu hao hao ndio waliokuwa wameandika zile habari za giza na amani. Sasa walikuwa wakizungumza, na kila sentensi ilikuwa hai. Asumpta akakumbuka ujanja wa darasani. Alipokuwa akifundisha insha, mwanafunzi akiandika "siku hiyo nilifurahi sana," yeye alikuwa akimuuliza: ulikuwa umevaa nini?

Akampigia Ombeni tena.

"Kaka, siku ile wamisionari walipobisha hodi kwako, ulikuwa umevaa nini?"

"Mimi? Taulo. Nilikuwa naoga, dada. Lifti ilikuwa mbovu siku ya tano, na mimi naishi ghorofa ya kumi na mbili. Niliposikia hodi, nikachungulia, nikaona vijana wawili wenye tai na beji. Nikasema, hatimaye, mafundi wa lifti! Nikawafungulia kwa shangwe. Nikawaambia, karibuni, nimewasubiri muda mrefu. Wale watoto wakatazamana. Mmoja machozi yakamtoka. Walikuwa wamefukuzwa milango yote tangu ghorofa ya kwanza."

Asumpta alicheka hadi mwanamke wa kiti cha mbele ndani ya basi akageuka. "Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Itaonekana kama mzaha. Ni jambo takatifu."

"Kwani si takatifu? Walipanda ngazi ghorofa kumi na mbili. Andika hivyo hivyo, kaka. Na taulo usiliondoe."

Basi ikawa kazi yake ya wiki ile. Alimpigia mmoja mmoja, akawauliza walivaa nini, walipika nini, mvua ilikuwa inanyesha au la. Habari zikaanza kurudi, ndefu zaidi na zenye matope viatuni.

Lakini hadithi yake mwenyewe ilikuwa haijapona. Jumapili, baada ya ibada, kamati ilikutana kwenye darasa la watoto, watu wazima wanne kwenye viti vya kimo cha goti.

"Iondolewe," alisema Kaka Ildefonce. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uhakika. "Tunaadhimisha miaka kumi ya tawi. Mtu mgeni akikifungua kitabu, akute dada anavunja amri, na hatubu? Atasema ndio sisi."

"Mimi sisemi iondolewe," alisema Amandine upesi, huku akiwa hamtazami Asumpta. Siku zote alikuwa akimtazama mtu usoni. "Nasema ibadilishwe kidogo. Huyu mama anywe mchaichai. Mchaichai si chai, ni majani tu, unaruhusiwa. Hadithi inabaki na kila mtu ana amani."

"Mchaichai?" alisema Asumpta. "Dada Amandine, nani atalilia mchaichai?"

Rais Nathanaël akakohoa ndani ya kiganja kwa muda ambao haukulingana na kikohozi. Kisha akasema waliombee jambo hilo, wakutane Jumapili ijayo. Ndivyo alivyofanya kila alipoona bomba limeziba na hajajua limeziba wapi.

Jumatano mchana Amandine akaja kwa Asumpta. Alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao chenye samaki, akaliweka mezani, akakaa bila kuvua koti.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

Asumpta alikuwa amelisikia swali hilo mara nne wiki iliyotangulia, lakini kwa Amandine hakulitarajia. "Hakuna aliyeniambia kitu, dada."

"Usinifiche. Mimi nakaa kwenye kamati, nasikia watu wanacheka, na mimi nakufa." Akaanza kufungua vifungo vya koti, akaishia katikati. "Papa yangu alikuwa na shamba ya kahawa, kule karibu na ziwa. Kahawa yake njo ilitusomesha, watoto saba. Alipokufa, kaka yangu akatuma kilo moja. Ya mwisho yeye mwenyewe aliyoanika. Watu wakaja kwangu kwa matanga, nikaikaanga, nyumba yote ikanuka papa yangu. Nikakunywa. Si funda kama huyu mama yako. Vikombe viwili, na sukari."

"Pole, dada."

"Ngoja. Juma lililofuata nikaenda kwa Rais kuomba kibali cha kuingia hekaluni. Unajua wanauliza. Akauliza kama nashika Neno la Hekima. Nikasema ndiyo. Miaka miwili. Nimeingia hekalu ya Brampton mara ngapi na ile 'ndiyo' mdomoni? Na mwezi wa nane binti yangu anaolewa pale. Kama nikisema, nitakaa nje kwenye maua, mtoto wangu anaolewa ndani. Kama sisemi, nasoma hadithi yako na kila mstari unanipiga kofi."

Asumpta alivuta kiti, akakaa karibu naye hadi magoti yakagusana.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi. Mama ni mama yangu. Alikuwa anaitwa Redempta, na alikuwa akiponda tangawizi kwa mpini wa kisu. Kikombe nakishika kila Jumamosi kwa Bi Gulzar, Thorncliffe. Na lile funda nililinywa, mwezi wa kwanza mwaka huu."

Amandine akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. "Wewe?"

"Mimi."

"Na kwa nini huyu mama hatubu mwisho wa hadithi?"

"Kwa sababu mimi mwenyewe sijajua bado kama nilitenda dhambi au nilizika."

Amandine akavua koti, akauliza sahani ziko wapi, wakala sombe. Asumpta alimwambia kama anataka hadithi itoke kitabuni, itatoka, hatauliza kwa nini. Amandine alikuwa akichambua miiba ya samaki kama mtu anayefanya hesabu kichwani.

Siku ya Ijumaa akapiga simu, na sauti yake ilijaa chumba.

"Nimeenda kwa Rais! Nimemwambia yote, na sukari nimeitaja."

"Akasemaje?"

"Amenitazama, akasema, mama, miaka miwili umebeba vikombe viwili peke yako, mikono haikukuchoka? Nikalia kama mtoto. Tukapiga magoti. Halafu akaniuliza kama lile bomba la jikoni kwangu bado linavuja."

"Na kibali?"

"Ninacho. Nitaingia kwa harusi." Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza. Nimeandika. Kurasa sita, Kiswahili cha Bukavu, Kifaransa kimeingia kidogo, utanisahihisha. Inaitwa 'Kilo Moja'. Iweke karibu na ya kwako, nisiwe peke yangu."

Jumapili Rais aliamua. Kitabu kitaandikwa wazi ukurasa wa kwanza kwamba ni cha waumini wenyewe, si mafundisho ya kanisa. Mwenye kutaka mafundisho anajua pa kuyapata. Hadithi zote mbili zingeingia. Alilisema hilo kwa sauti yake ile ile ya chini, na Asumpta akasubiri Ildefonce apinge.

Ildefonce hakupinga. Alisimama, akasema anamheshimu Rais, na kwa heshima hiyo hiyo anaomba habari yake yeye itolewe kitabuni. Hakutaka jina lake likae kati ya chai na kahawa. Akachukua karatasi zake mbili, akazikunja mara nne, akatoka na kufunga mlango polepole. Jambo hilo lilimuuma Asumpta kuliko kama angeubamiza. Alimpigia mara mbili wiki iliyofuata. Ildefonce alipokea, akamsalimia vizuri, akamuulizia afya, akakataa.

Mwezi wa tano nakala ya majaribio ikawa tayari. Asumpta alikwenda Thorncliffe kuipitia, akamkuta Bi Gulzar ameketi dukani kwenye kiti cha mwanawe, shali mabegani, na Shaukat akimsomea kwa sauti. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne. Macho yalikuwa yamechoka lakini masikio yalikuwa makali. Kwa jinsi Shaukat alivyonyamaza ghafla, Asumpta alijua wamefika wapi.

"Mdalasini?" alisema Bi Gulzar. "Nani kaweka mdalasini kwenye chai yangu?"

"Bibi, ni hadithi tu…"

"Hadithi gani? Mlango ni wangu, zulia ni langu, mpaka kikohozi changu umekiweka. Mimi mdalasini sitii. Natia iliki, tangawizi, na jani la mchaichai likipatikana. Shaukat, futa mdalasini."

Shaukat akachukua kalamu, akafuta.

"Na jengine," bibi akaendelea, akimnyooshea kidole. "Kumbe ulikuwa hunywi! Miaka yote hii unaondoka, nakuta kikombe kimejaa, namwaga kwenye sinki. Nasema, maskini Asumpta, chai yangu haimpendezi, na adabu yake haimruhusu kuniambia. Nimebadilisha majani mara tatu kwa ajili yako! Nimemtuma Shaukat hadi Scarborough kutafuta mengine!"

"Mara tatu," alithibitisha Shaukat.

Asumpta hakujua acheke au apige magoti. Alieleza kila kitu, amri ya kanisa, harufu, jiko la Songea, karatasi zilizochelewa. Alieleza vibaya, kinyumenyume, yeye aliyewafundisha wengine kueleza. Bi Gulzar alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama yako alikuwa akiitwa nani?"

"Redempta."

Bibi akalirudia jina mara mbili hadi likamkaa vizuri mdomoni. Kisha akainua viganja, akafumba macho, akamwombea Redempta wa Songea kwa Kiarabu, pale pale kati ya mashine ya kukatia karatasi na boksi za kadi za harusi. Shaukat naye akainua vyake. Asumpta aliinamisha kichwa. Tangu mama yake afe, hakuna mtu Toronto aliyewahi kumuuliza jina lake.

Kitabu kilizinduliwa Jumamosi ya pili ya Juni, kwenye ukumbi wa kanisa, ule wenye magoli ya mpira wa kikapu pande zote mbili. Walikuja watu wengi kuliko viti. Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la kijani, na Asumpta alikishika kama watu wanavyoshika mtoto wa mwenzao, kwa hofu ya kukidondosha.

Ombeni alisoma ya kwake. Alipofika kwenye taulo ukumbi ulilipuka, na binti zake wawili, ambao Kiswahili wanakielewa ila wanakijibu kwa Kiingereza, wakajifunika nyuso na kumsihi baba yao aache. Hakuacha. Alipofika kwa yule mmisionari wa miaka kumi na tisa, anayeitwa Mzee kwa mujibu wa kanisa na huku analia mlangoni kwa kuwa mtu amemwambia karibu, hakuna aliyecheka tena. Amandine alisoma "Kilo Moja" kwa sauti imara. Binti yake mwenye harusi alikuwa safu ya mbele. Hakuwa akijua lolote. Mama yake alipomaliza, alipanda jukwaani akamkumbatia, wakakaa hivyo hadi mtu fulani nyuma akaanza wimbo, na ukumbi mzima ukaitikia kwa Kiswahili cha nchi nne.

Asumpta alisoma wa mwisho. Alisoma polepole, akaishia pale pale palipoishia. Makofi yalichelewa kidogo, kama watu walikuwa wakingoja aendelee. Mama mmoja aliondoka kabla ya chakula, na Asumpta alimwona, na alijua ni kwa nini. Alikubali. Wengine wote walikuwa wamebaki.

Wakati wa wali na maharage alitoka nje kupata hewa. Kwenye maegesho alikuwa amesimama Kaka Ildefonce, karibu na gari lake, akiwa na sare ya kazi. Hakuwa ameketi ukumbini. Labda alisimama mlangoni, labda alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka zamu. Mkononi alikuwa na kitabu cha kijani, kidole chake cha shahada kikiwa katikati ya kurasa.

"Dada Asumpta. Shikamoo sikupi, tunalingana. Habari za shughuli?"

"Nzuri, kaka. Karibu ndani, chakula kipo."

"Nitaingia." Akafungua kitabu. "Hadithi yako ina kosa."

Asumpta akajikaza. "Kosa gani?"

"Ukurasa wa thelathini na nane. Huyu mama anashuka kwenye basi mbele ya jengo la yule bibi. Haiwezekani. Mimi nimeendesha njia ya Thorncliffe miaka minne. Basi linazunguka kulia. Angeshukia ng'ambo, avuke barabara, kwenye theluji, na upepo wa pale unatoka bondeni, unapiga usoni. Wewe umemshusha mlangoni kama teksi."

"Ukurasa wa thelathini na nane," alisema Asumpta taratibu. "Basi umefika mbali."

"Nimesoma mara mbili." Aliona uso wa Asumpta ukibadilika, akainua mkono haraka kama anayesimamisha abiria. "Sijasema nimeipenda. Nimesema ina kosa."

"Nimekusikia, kaka. Hebu nionyeshe, anavuka wapi?"

Ildefonce akatoa kalamu mfuko wa shati. Akaweka kitabu juu ya boneti ya gari, akageuza ukurasa mweupe wa mwisho, akaanza kuchora barabara, kituo, bustani, na mahali upepo unapotokea. Asumpta aliinama kando yake, akauliza theluji hulundikwa upande gani, na kama bibi angeweza kumwona mgeni wake akivuka kutoka dirisha la ghorofa ya saba. Ildefonce akafikiri kwa makini, akasema ndiyo, angemwona tangu anashuka.